Ng'ombe akwama kwenye gamba: Sarufi ya kuamrisha tarakilishi

Fungua tarakilishi yenye mfumo wa Linux, ingia katika kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, kisha uiambie mashine ikutafutie neno ng'ombe katika faili ya makala. Utaandika hivi:

grep ng'ombe makala.txt

Ukibonyeza kitufe cha kuingiza, hupati jibu wala onyo. Mstari unaofuata unaanza kwa alama ya > na mashine inakaa kimya, utadhani imenuna. Wanafunzi wangu wa uzamili hufika hapa katika juma la kwanza la mafunzo, na malalamiko yao huwa yale yale.

"Mwalimu, mashine imekwama."

"Haijakwama. Inakungoja umalize kusema."

Ile ritifaa tunayoiweka katika ng'ombe, ng'ambo, king'ora na ng'ang'ania, ili kuitenga sauti hiyo na ile ya ngoma na ngano, kwa mashine ni alama ya kufungulia nukuu. Imeona nukuu imefunguliwa, haijaona imefungwa, basi inangoja. Ukibonyeza Ctrl pamoja na C, amri yote inatupwa na unaanza upya. Lakini ni nani hasa aliyekuwa akingoja? Si programu ya grep, maana hiyo hata haijaitwa bado. Aliyengoja ni mkalimani aliyekaa mlangoni, na mkalimani huyo unaweza kumchagua, kumfunza na hata kumfuta kazi.

Najua kuna msomaji anayejiuliza safu ya lugha imeingiaje katika mambo ya mafundi wa kompyuta. Imeingia kwa sababu utafiti wa Kiswahili siku hizi unafanyika ndani ya mashine. Tasnifu za uzamili na uzamifu zimejaa majedwali ya maneno yaliyohesabiwa, na sisi wasimamizi tunatia sahihi. Mkalimani wa mlangoni akisoma ritifaa visivyo, hesabu inaharibika na hakuna kengele inayolia. Tazama mfano huu mdogo:

echo ng'ombe na ng'ambo

Jibu linalotoka kwenye skrini ni "ngombe na ngambo". Ritifaa ya kwanza ilifungua nukuu, ya pili ikaifunga, kisha zote mbili zikatupwa kwa kuwa kazi yake imekwisha. Safari hii mashine haikungoja wala haikulalamika. Imekutolea makosa mawili ya tahajia kwa adabu kubwa, makosa ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza angepigiwa mstari mwekundu. Sasa fikiria amri kama hiyo ikielekezwa katika faili yenye maneno elfu hamsini yaliyokusanywa kwa ajili ya kamusi. Dawa yake ni nyepesi: fungia maneno yote ndani ya alama za nukuu maradufu, na ritifaa itabaki salama. Ila dawa haimsaidii asiyejua kwamba anaumwa.

Tumwite nani huyu mkalimani? Waingereza wanamwita kwa jina la kitu kinachofunika kiini, na kwa kweli sehemu ya ndani ya mfumo, inayogawa kumbukumbu na kuzungumza na diski, huitwa kiini. Jina hilo la kifuniko lilibuniwa na Mfaransa Louis Pouzin katikati ya miaka ya 1960, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya MIT, Marekani. Pouzin ndiye aliyeandika pia programu ya RUNCOM, iliyotekeleza amri zilizoandikwa tayari ndani ya faili. Herufi rc unazoziona mwishoni mwa .bashrc na .zshrc ni kisukuku cha jina hilo. Miaka 60 imepita na bado tunazicharaza kila siku bila kujua zinatoka wapi, kama tunavyosema "mkono wa buriani" bila kukumbuka Kiarabu chake.

Kiingereza kina neno moja kwa vitu vingi, Kiswahili kina mengi. Kifuu ni cha nazi, kaka ni la yai tupu, ganda ni la yai zima au njugu, gamba ni la konokono, kobe, samaki au nyoka. Kukopa na kusema "sheli" hakusaidii, kwani mtu wa Dar es Salaam atadhani unatafuta kituo cha mafuta ya gari. Mimi nashikilia gamba, na sababu yangu inatoka kwa nyoka. Nyoka hujivua gamba akabaki nyoka yule yule, ilhali ganda la yai likivunjika yai limekwisha. Tarakilishi nayo inabadilisha mkalimani wake bila kiini kuguswa. Wenzetu wa Tanzania huenda wakacheka, maana tangu CCM ilipoanzisha kampeni yake ya kujivua gamba mwaka 2011 neno hilo lina ladha ya siasa. Na wacheke.

Gamba lina sarufi, tena si ngeni kwa aliyesoma Kiswahili cha shule ya upili. Amri huanza kwa kitenzi katika hali ya kuamuru. Hakina kiambishi cha nafsi, kwa sababu anayeambiwa yupo pale pale. Hufuata vijineno vinavyotanguliwa na kistari, kama vile -i au -r. Hivyo ni chagizo, vinaeleza jinsi tendo litakavyofanyika. Mwishoni huja shamirisho, yaani faili au kabrasha linalotendwa. Katika

cp -v makala.txt nakala.txt

kitenzi kinasema nakili, chagizo kinasema nakili huku ukitangaza unachofanya, na shamirisho mbili zinafuatana, kinachonakiliwa kikitangulia. Ukizigeuza shamirisho hizo umeiandika nakala kuukuu juu ya makala mapya. Mpangilio wa maneno hapa ni sheria, hakuna kupindua sentensi kwa ajili ya mkazo.

Jambo ambalo wengi hawalielewi mapema ni kwamba gamba hutafsiri kwanza, ndipo kitenzi kikaitwa. Ukiandika rm *.txt ili kufuta faili zote zenye mwisho huo, programu ya rm haitajua kamwe kwamba uliandika nyota. Gamba limeshaigeuza nyota kuwa orodha ya majina na kumkabidhi rm orodha hiyo. Ndiyo maana nafasi moja iliyoponyoka kidoleni, ukaandika rm * .txt, ni msiba: nyota imesimama peke yake, nayo maana yake ni kila kitu kisichofichwa kilichomo kwenye kabrasha. Programu ya rm itafuta faili hizo zote kisha ikulalamikie kwamba faili iitwayo .txt haipo. Kwa gamba, nafasi tupu ni mpaka wa neno, sawa na ilivyo katika tahajia yetu. Sisi wasomi wa lugha tumebishana miaka mingi kuhusu kuunganisha na kutenganisha maneno. Gamba lilikwishakata shauri, na adhabu yake ni kali kuliko ya mhariri.

Nafasi hizo hizo ndizo zinazotenganisha lahaja. Naam, lahaja, kwa sababu magamba yapo mengi. Ken Thompson aliandika la kwanza la Unix mwaka 1971. Stephen Bourne wa Bell Labs akaandika jingine lililosambazwa mwaka 1979, nalo ndilo babu wa mengi tunayoyatumia leo. Bourne alikuwa mpenzi wa lugha ya ALGOL, na alama yake imebaki katika maneno ya kufungia vifungu: kinachofunguliwa kwa if hufungwa kwa fi, kinachofunguliwa kwa case hufungwa kwa esac. Aliyekulia pwani atatabasamu, kwani huo ni mchezo wa Kinyume, watoto wanapoigeuza nyumba ikawa mbanyu. Ila do haifungwi kwa od, inafungwa kwa done, kwa sababu tayari kulikuwa na programu nyingine iliyokalia jina la od. Lugha yoyote iliyo hai ina visa kama hivi vya neno kunyimwa umbo lake la kawaida kwa kuwa nafasi imeshikwa.

Mwaka 1989 Brian Fox akatoa bash, ambayo jina lake ni mzaha juu ya jina la Bourne: Bourne aliyezaliwa upya. Mwaka uliofuata Paul Falstad, mwanafunzi wa Princeton, akatoa zsh na kuipa jina alilokuwa akiingilia nalo mitamboni mwalimu msaidizi wake, Zhong Shao. Mwaka 2005 Axel Liljencrantz akaleta fish. Kati ya hapo lipo dash, gamba dogo, jepesi, lisilo na madoido, ambalo Ubuntu ililichukua mwaka 2006 kuendesha skripti za mfumo wake.

Na kuna usanifu pia. Mwaka 1992 ulitolewa waraka wa POSIX unaoeleza jinsi gamba sanifu linavyopaswa kufasiri amri, nafasi, nukuu na nyota. Bash, zsh na dash husimama kando ya usanifu huo kama Kimvita na Kiunguja zinavyosimama kando ya Kiswahili sanifu. Mnaelewana, mnachekana kidogo, na mara moja moja mnakosana kwa neno moja. Neno lenyewe ni hili. Tuseme umelipa jina faili thamani ya "Makala ya zamani.txt", kisha ukaandika rm $faili bila nukuu. Bash italikata jina hilo vipande vitatu na kutafuta faili tatu za kufuta, Makala, ya na zamani.txt. Ukiwa na faili nyingine inayoitwa Makala, ndiyo itakayokwenda na maji. Zsh haikati, italichukua jina zima kama lilivyo. Amri ni ile ile, herufi kwa herufi, na lahaja mbili zimeifasiri kwa njia mbili. Anayeandika "$faili" ndani ya nukuu maradufu huwa salama kotekote, na mimi huwaambia wanafunzi waifanye tabia hata pale isipohitajika.

Fish si lahaja, ni lugha jirani. Haikufuata usanifu, wala haikukusudia. Jina hupewa thamani kwa neno set, vifungu vyote hufungwa kwa end, na amri nyingi za bash unazozikuta vitabuni zitagoma humo. Lakini kwa mwanagenzi ina ukarimu ambao wengine hawana bila kufunzwa: amri isiyokuwepo inageuka rangi nyekundu kabla hujaibonyeza, nukuu iliyofunguliwa inaonekana kwa rangi yake, na amri ulizowahi kuandika zinajitokeza kwa wino hafifu ukizianza tena. Yule ng'ombe wa mwanzo angeonekana amezuiliwa hata kabla hajafika zizini.

Basi uchague lipi? Watu hutaka jibu moja, nami nina majibu mawili. La kuzungumzia na la kuandikia si lazima liwe moja, kama ambavyo hatuzungumzi sokoni kwa lugha ya tasnifu. La kuzungumzia, yaani lile unaloketi nalo ukicharaza amri moja moja, chagua linalokusaidia kuona makosa yako mapema. Kwa mgeni kabisa, hapo naipendekeza fish bila kusitasita. Mwenye Mac hana haja ya kuhangaika. Apple iliifanya zsh kuwa gamba la kawaida tangu toleo la Catalina mwaka 2019, na bash iliyomo humo ni toleo la 3.2, la mwaka 2006, kwa kuwa Apple haikutaka masharti ya leseni mpya ya bash. Ukisoma somo la bash kwenye Mac ukaona mambo hayaendi, usijilaumu, una kamusi ya zamani.

La kuandikia, yaani la skripti utakayoiambatisha kwenye kiambatisho cha tasnifu ili mtahini airudie, liwe bash au lile sanifu. Usiandike skripti ya utafiti kwa fish. Mtahini wako huenda hana fish, na hata akiwa nayo hutaki matokeo yako yategemee ladha yako binafsi. Wapo wanaosema bash si salama, wakikumbusha kasoro ya Shellshock iliyofichuliwa na Stéphane Chazelas Septemba 2014, ambayo ilikuwa imejificha humo kwa takriban miaka 25. Ni kweli kasoro ile ilikuwa mbaya, hasa kwa seva za wavuti. Ilizibwa. Kwa mtu anayehesabu vitenzi katika kipakatalishi chake, hatari kubwa zaidi ni vidole vyake mwenyewe.

Kujaribu hakuna gharama. Ukiwa ndani ya bash andika fish, utaingia; ukichoka andika exit, utarudi ulikotoka. Ishi nalo wiki moja hivi kabla hujaamua.

Sasa tuje kwenye kulifunza, na hapa ndipo penye utamu. Kila gamba husoma faili fulani linapoamka. Zsh husoma .zshrc katika kabrasha lako la nyumbani. Fish husoma config.fish iliyofichwa ndani ya .config, bash ina mkorogo. Ukiingia kwa nywila, kama mtu anayepiga hodi mlangoni, bash husoma .bash_profile, na isipoipata hutafuta .bash_login, kisha .profile, ikasoma ya kwanza inayoikuta na kuziacha zilizobaki. Ukifungua kidirisha kipya ukiwa tayari ndani ya nyumba, husoma .bashrc pekee. Ndiyo sababu mtu huandika mpangilio wake leo, ukafanya kazi, kesho akaingia kwa njia nyingine akakuta haupo, akaapa kwamba kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Weka mipangilio yako yote katika .bashrc, kisha katika .bash_profile weka mstari mmoja tu unaoiita:

[ -f ~/.bashrc ] && . ~/.bashrc

Nukta ile iliyosimama peke yake ni kitenzi, usiidharau. Maana yake ni "isome faili hii kana kwamba nimeicharaza mwenyewe".

Mstari wa kwanza ninaotaka kuuona katika .bashrc ya mwanafunzi yeyote ni huu:

set -o noclobber

Nitaeleza kwa nini. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekusanya msamiati wa lahaja ya kwao kutoka kwa wazee, neno moja kwa kila mstari, kazi ya miezi saba. Alitaka kuupanga kialfabeti. Akaandika sort maneno.txt > maneno.txt, amri ambayo kwa jicho la binadamu inaeleweka vizuri: panga maneno haya, uyarudishe mahali pake. Gamba halisomi hivyo. Alama ya > hushughulikiwa kwanza, kabla kitenzi hakijaitwa, na kuishughulikia maana yake ni kuifungua faili ikiwa tupu, tayari kuandikiwa. Programu ya sort ilipoitwa ikakuta faili haina kitu. Ikapanga hewa, ikaandika hewa. Binti huyo alikuwa na nakala kwenye kijiti cha kumbukumbu, isipokuwa wiki mbili za mwisho, na katika wiki hizo mmoja wa wazee wake alikuwa ameaga dunia. Maneno aliyoyatoa siku za mwisho yamebaki katika kumbukumbu ya msikilizaji mmoja, tena nusunusu.

Ukiwa na noclobber, bash ingekataa katakata na kusema faili hiyo ipo tayari. Zsh inaukubali mstari huo huo. Fish haina swichi hiyo, badala yake ina alama ya >? ambayo lazima uikumbuke mwenyewe kila mara, na hilo kwangu ni dosari yake kubwa. Njia sahihi ya kupanga faili juu yake yenyewe ni sort -o maneno.txt maneno.txt, ambapo sort husoma yote kwanza ndipo iandike.

Baada ya hapo unaweza kuingia katika lakabu. Gamba hukuruhusu kumpa amri jina la kupanga, na hapa Kiswahili kinapata kiti:

alias tafuta='grep -i'
alias orodha='ls -lh'
alias futa='rm -i'

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, menyu kwa menyu, kazi ya kupigiwa mfano. Lakini menyu ni ya kusoma. Lakabu ni ya kusema, nimeona mtu akiandika tafuta na kuona mashine ikitafuta, na mgongo wake ukanyooka kidogo kitini. Nina sharti moja tu. Usiibadilishe rm yenyewe ili iwe inauliza kabla ya kufuta, kama wanavyofanya wengi. Utazoea kuulizwa, kisha siku moja utaketi kwenye mashine ya mwenzako, uandike rm ukitarajia swali, na swali halitakuja. Ukiwa na futa, kwenye mashine ya mwenzako utaambiwa amri hiyo haijulikani, na hakuna kilichoharibika. Vilevile lakabu kwa kawaida hazifanyi kazi ndani ya skripti, kwa hiyo humo andika amri kamili.

Kumbukumbu ya amri nayo ni data ya utafiti. Bash huandika kila unachocharaza katika .bash_history, ila kikomo chake cha kawaida ni kidogo. Kipanue kwa HISTSIZE=10000 na HISTFILESIZE=20000, ongeza shopt -s histappend ili kidirisha kimoja kisifute kumbukumbu ya kingine, na uweke HISTTIMEFORMAT="%F %T " ili kila amri ibebe tarehe na saa yake. Mtahini akiuliza ulifikaje kwenye jedwali la 4, unafungua na kumwonyesha. Kwa sababu hiyo hiyo, usicharaze nywila ndani ya amri, itakaa humo ikisubiri mdaku.

Limebaki suala la lugha yenyewe, na hili linaturudisha kwenye ritifaa. Jina LANG huiambia mifumo unatumia lugha gani na mwandiko upi. Maktaba za Linux zina mpangilio wa Kiswahili cha Kenya, uitwao sw_KE, na wa Tanzania, sw_TZ. Andika locale -a uone kama umewekwa kwako. Kwenye Debian ukikosekana utauweka kwa sudo dpkg-reconfigure locales. Ukishakuwepo, LC_TIME=sw_KE date itakutajia siku na mwezi kwa Kiswahili. Hilo ni pambo. Lenye uzito ni mwandiko.

Magazeti na wachapishaji hawatumii ritifaa iliyonyooka unayoicharaza kwenye kibodi. Hutumia ile iliyopinda, ’, ambayo kwa mashine ni herufi tofauti kabisa, inayohifadhiwa kwa baiti tatu. Ukitafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka katika makala yaliyochapwa kwa iliyopinda, utaambiwa nchi nzima haina ng'ombe hata mmoja. Unaweza kuzitaja zote mbili:

grep "ng['’]ombe" makala.txt

lakini amri hii hufaulu pale tu LANG inapotaja mpangilio wenye mwandiko wa UTF-8. Ikiwa gamba lako limeamka na mpangilio wa C, ule wa kizamani usiojua zaidi ya herufi za Kiingereza, mabano hayo yatalinganishwa na baiti moja moja, na ng'ombe wa magazetini hatapatikana. Faili ni ile ile, amri ni ile ile, jibu ni sifuri. Mtu anaweza kuandika sura nzima ya tasnifu juu ya sifuri kama hiyo.

Na ukitaka kuhesabu maneno yote ya faili, ndipo utakapofurahia bomba, ile alama ya | inayomimina tokeo la amri moja katika nyingine. Wazo hilo la Doug McIlroy liliingia Unix mwaka 1973, na mwaka 1986 McIlroy alionyesha hadharani kwamba orodha ya maneno yanayotumika zaidi hupatikana kwa amri sita tu zilizoungwa hivyo. Amri zake zilihesabu kila kisicho herufi kuwa mpaka wa neno. Kwa Kiswahili hilo ni balaa: ng'ombe anachinjwa papo hapo, unapata neno "ng" na neno "ombe", na ng'ang'ania inatoa vipande vitatu. Nimeyaona majedwali yenye "ng" katika orodha ya maneno, na mwandishi akijaribu kulieleza kama kiambishi! Toleo la Kiswahili la bomba hilo linyooshe ritifaa kwanza, kisha liihesabu kuwa herufi miongoni mwa herufi:

sed "s/’/'/g" makala.txt | tr A-Z a-z | tr -cs "a-z'" '\n' | sort | uniq -c | sort -rn | head -50

Usishangae ukikuta na, ya, wa na kwa zimekalia viti vya mbele. Hao ni wenye mji. Utakachokuwa umekiokoa kipo chini zaidi, na ni ng'ombe mzima.

Ukisharidhika na gamba ulilolijaribu, tazama kwanza kama limo katika orodha inayoonekana kwa cat /etc/shells, kisha andika chsh -s ukifuatiwa na anwani yake kama ilivyo humo, mfano /usr/bin/fish. Utaulizwa nywila, na mabadiliko yataonekana utakapoingia tena. Fanya nakala ya .bashrc kabla ya kuigusa. Na usikifunge kile kidirisha cha zamani mpaka ufungue kipya na kukiona kimeamka vizuri, kwa sababu kosa moja katika faili hiyo linaweza kukuzuia kuingia, na kidirisha kilichobaki wazi ndicho utakachopitia kulirekebisha.